Nembo Kwenye Kopo la Bia: Utambulisho wa Kampuni katika Filamu ya Alien

Mhakiki anayetafuta sauti ya mamlaka katika filamu ya Alien (1979), iliyoongozwa na Ridley Scott, hana budi kuanzia mezani, si angani. Wahusika saba wa chombo cha Nostromo humtaja mwajiri wao kwa neno moja tu: "Kampuni". Jina lenyewe, Weylan-Yutani, halitamkwi. Limechapwa kwenye kopo la bia. Msanii Ron Cobb alilibuni akiwazia Leyland na Toyota, yaani Uingereza na Japani zilizounganishwa na biashara. Hapa ndipo fani inapobeba maudhui. Mfanyakazi anaishika nembo, anaiweka mdomoni, wala haioni. Na amri ya siri imekwisha kuruhusu afe mradi kiumbe kile kifikishwe.

Wako wanaoyaita mambo haya mapambo ya jukwaa. Sikubaliani nao. Filamu iliyofuata, Aliens (1986), iliongeza herufi "d" katika jina hilo na kuipa Kampuni mwakilishi mwenye tabasamu, Burke. Huyo twaweza kumchukia. Kopo la bia hatuwezi.