Fimbo ya Zakaria: Saikolojia Katika Uhakiki wa Rosa Mistika

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umekutana na insha inayomwelezea Rosa kuwa mhusika mwenye tabia mbaya, kisha ikatua hapo. Huko ni kuhukumu, si kuhakiki. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 inatudai tueleze tabia hiyo ilivyojengeka, na dhana chache za mwanzo za saikolojia zinaweza kutufaa.

Hebu tuanze na Ivan Pavlov wa Urusi. Mbwa aliyezoea kulishwa punde tu baada ya kusikia mlio fulani hatimaye alidondokwa na mate kwa kuusikia mlio wenyewe, chakula kisiwepo. Hofu nayo hufunzika vivyo hivyo. Zakaria anampiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya Charles. Kinachoshikana akilini mwa Rosa siku hiyo ni mwanamume na maumivu. Ndipo anapowaogopa wavulana, na wahakiki wengi (hata walimu) wakauita woga huo maadili.

La hasha! B. F. Skinner, Mmarekani, alisisitiza kuwa adhabu hulizuia tendo bila kuing'oa hamu yake. Tishio likiondoka, tendo huweza kurejea. Fimbo ya Zakaria imebaki Ukerewe. Haimfuati Rosa bwenini, wala chuoni Morogoro. Mageuzi yake, ambayo watahiniwa huyaona kuwa ya ghafla mno, kwa hakika yalianza kuandaliwa nyumbani, tena na mzazi aliyedhani anayazuia.

Sigmund Freud naye ndiye anayetajwa sana na kueleweka kidogo. Mwaka 1923 aliigawa nafsi sehemu tatu: matamanio ghafi, nafsi inayopima hali halisi, na dhamiri ambayo mtoto huipata hasa kwa wazazi. Kuzipachika sehemu hizi kwa wahusika kama vibandiko, huyu matamanio, yule dhamiri, hakuna faida. Afadhali tuulize: baba mlevi, anayempiga mkewe Regina mbele ya watoto, anamwachia binti dhamiri ya namna gani? Kwa maoni yangu, Rosa alilelewa akiwa na askari wa nje bila mwongozi wa ndani.

Hata hivyo, saikolojia isigeuzwe kichaka cha kumfichia Deogratias. Huyu ni mtu mzima, mwenye cheo, anayejua anachokitafuta kwa msichana. Charles naye anamkataa Rosa kwa kuwa si bikira, na hakuna anayemuuliza yeye lolote. Mtahiniwa akieleza kujiua kwa Rosa kwa yaliyomo kichwani mwake pekee, atakuwa amewasamehe wanaume watatu kwa mpigo. Mwombe arudi kwenye matini, amtafute kila mmoja wao, aonyeshe alichomfunza Rosa.