Programu Inayoutii Mkono

Wachokwe, ambao makazi yao yanaanzia mashariki mwa Angola hadi Sandoa katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, wana sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona: mchoraji husawazisha mchanga, hutia safu za vidoto kwa ncha za vidole, kisha huuzungusha mstari kati ya vidoto hivyo, na umahiri wake hupimwa kwa kumaliza bila kusita. Anayetaka kuuhamishia ustadi huo kwenye kompyuta hana budi kutafuta programu inayouheshimu mstari, na miongoni mwa programu huru, yaani zile ambazo leseni zake zinamruhusu yeyote kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa, inayofaa zaidi ni Krita, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1999. Krita ina kitulizaji cha mstari, ambacho huufanya wino uchelewe kidogo nyuma ya kalamu ili mtetemeko wa mkono usionekane. Ina pia brashi inayorudia upande wa pili kila kinachochorwa upande huu, lakini mwenye kuijua sona ataiacha, kwa kuwa uzuri wa sona umo katika mwendo wa mstari kabla ya kuwa katika umbo lililokamilika.

Picha za kamera zinadai ustadi mwingine. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika mfululizo wake uitwao Mémoire aliwatoa watu kwenye picha za kale zisizo na rangi, akawasimamisha mbele ya mitambo ya migodi iliyochakaa. Kwa kazi ya namna hiyo inafaa programu huru nyingine, GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley, Marekani. Humo kila picha hukaa kwenye tabaka lake, na juu ya tabaka huwekwa barakoa: panapopakwa nyeusi hufichwa, panapopakwa nyeupe huonekana, na kijivu huonyesha nusunusu, hivyo ukingo wa kofia ya mchimbaji unaweza kulainishwa kwa brashi nyembamba, ukakosewa na kurudiwa, bila chembe ya picha ya asili kufutwa.

Programu zote mbili hufanya kazi bila intaneti zikishasakinishwa, na faili zake, zikinakiliwa kwenye flashi huko Kolwezi, zinaweza kufikishwa Sandoa na kugawiwa kila anayezihitaji, kwa idhini kamili ya leseni zake.