ALL ya Mwisho Ndiyo Kosa
Mstari wenyewe wa sudoers mnaujua: `mhudumu ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL`. Kwa saiba ya Umoja au Kayole inayotumia Ubuntu, huo ni uamuzi mbaya, hata ukiandikwa ipasavyo kwa visudo. Wengi hulaumu NOPASSWD, lakini kosa liko kwenye ALL ya mwisho. Mhudumu alihitaji kuamsha printa iliyokwama. Akapewa mashine nzima. Saiba ndiko watu wa mtaa hufungulia iTax na eCitizen na kutoa kopi za vitambulisho, na mwenye mamlaka ya root anaweza kusoma kila faili na kutega programu ya kunasa paswadi. Mtaniambia mhudumu ni mwaminifu. Na awe. Mteja akikalia kiti chake dakika moja, au programu chafu ikitoka kwenye flashi na kuendeshwa kwa akaunti yake, sudo haitauliza lolote. Wapo wanaoona kubana root ni ubabe, na hapo kinyongo changu na Richard Stallman ni cha zamani: alikataa kundi la wheel, la walioruhusiwa kuwa root, kwenye su ya GNU, akiona linawapa wachache utawala juu ya wengi. Hoja hiyo ina utu pale watumiaji wanapochangia maabara moja. Kwenye saiba, siri zilizomo ni za wateja, ambao hawakuulizwa.

Foleni ya printa huhitaji kundi la lpadmin tu. Ikibidi kuwasha upya CUPS, huduma ya uchapishaji, andika `mhudumu ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart cups.service`, neno kwa neno, kwa sababu ukiishia kwenye systemctl umeruhusu chochote kinachoifuata. Wengine hubakisha ALL kisha wakakataza bash kwa alama ya mshangao. Mtu hunakili bash kwa jina jingine na kuendelea, na mwongozo wa sudoers, wa programu ambayo Todd Miller ameitunza zaidi ya miaka 30, unaonya waziwazi kwamba kuondoa amri kutoka kwenye ALL hakufai. Mwaka 2019 ilibainika kwamba hata katazo la `!root` lilivukwa kwa kutaja mtumiaji namba -1. Ted Unangst alipoiandikia OpenBSD doas, mbadala wa sudo, mwaka 2015, alipunguza mipangilio hadi ikasomeka kwa macho. Nidhamu ile ndiyo ninayoikosa hapa. Na mhudumu akikwama usiku, mwenye saiba hayupo? Sudo huandika amri iliyokataliwa kwenye `/var/log/auth.log`, pamoja na jina na saa; asubuhi mwenye saiba ataona ni kazi gani hasa ilikosa ruhusa, aongeze mstari wa hiyo tu.