Sifuri au moja: walivyoiharibu LDH

Toleo la 8 la mwongozo wa hatua za saratani wa Kamati ya Pamoja ya Saratani ya Marekani, lililotoka 2017, lilifanya mengi sawasawa kwa upande wa melanoma. Katika madaraja ya M1, ya saratani iliyosambaa mbali, iliyofika ubongoni ilipewa daraja lake, M1d. LDH, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, nayo ilitolewa kwenye M1c, ambako mgonjwa mwenye uvimbe mdogo kwenye pafu alikuwa akitupwa kapu moja na mwenye ini lililojaa, kwa sababu tu kimeng'enya kimepanda. Baada ya kazi nzuri hiyo yote, wakamalizia kwa kuandika (0) na (1) pembeni ya daraja. LDH imepanda au haijapanda, basi. Walikuwa na kipimo cha damu pekee kilichostahili kuingia kwenye hatua za melanoma, nao wakakikata vipande viwili na kukitupa kipande chenye nyama.

Chukua maabara ambayo kikomo chake cha juu cha LDH ya kawaida ni uniti 250 kwa lita, na wagonjwa watatu wenye M1b, yaani saratani iliyofika kwenye mapafu. Wa kwanza ana 248, anaandikiwa (0). Wa pili ana 253, anaandikiwa (1). Wa tatu ana 1,900, naye anaandikiwa (1). Tofauti ya wawili wa kwanza inaweza kuletwa na mashine yenyewe, lakini karatasi inawatenganisha. Wa pili na wa tatu wako mbali kabisa kwa hali na kwa matarajio, lakini karatasi inawaweka pamoja. Ushahidi wa kukataa jambo hili ulikuwepo mezani. Kazi ya Kelderman na wenzake ya 2014, iliyofuatilia wagonjwa wa Uholanzi na kuhakikiwa kwa wagonjwa wa Uingereza waliopewa dawa ya ipilimumab, ilionyesha kwamba waliovuka mara mbili ya kikomo hawakutarajiwa kupata nafuu ya muda mrefu. Mara mbili ya kikomo, si kikomo chenyewe. Na matokeo ya miaka mitano ya dawa za dabrafenib pamoja na trametinib, yaliyochapishwa 2019, yaliwaonyesha hai asilimia 43 ya wenye LDH ya kawaida, dhidi ya 16 ya wale ambao ilikuwa imepanda. Kipimo chenye nguvu hivyo hata kikiwa kimekatwa kingesema mengi zaidi kikiachwa kizima. Ndani ya hiyo asilimia 16 wamo waliovuka kikomo kwa nukta na waliokivuka mara tano, na hatuambiwi nani ni nani.

Halafu kuna suala la mrija wa sampuli ya damu. Chembe nyekundu zimejaa LDH. Sindano ikiwa nyembamba mno, mrija ukitikiswa kwa nguvu au ukikaa muda mrefu kabla ya kuzungushwa, chembe zinapasuka, na seramu iliyopaswa kuwa ya manjano inatoka na rangi ya waridi. Namba inapanda bila saratani kuhusika. Mgonjwa wa selimundu, au mwenye malaria inayopasua chembe, anaibeba LDH ya juu kwenye mishipa yake kabla hata sindano haijamgusa. Wazee waliliona hili. Toleo la 6, chini ya Charles Balch, lilitaka vipimo viwili au zaidi vilivyopishana kwa zaidi ya saa 24 kabla ya kumhukumu mgonjwa kwa LDH. Huo ndio uangalifu unaostahili namba inayoyumba. Alama (1) haimwonyeshi anayeisoma kama sampuli ilikuwa safi, wala kama kipimo kilirudiwa.

Ukitaka kuona namna namba inavyoheshimiwa, rudi kwa mwanapatholojia Alexander Breslow, 1970. Alikuwa na wagonjwa 98 na darubini yenye kipimo, akapima unene wa uvimbe kwa milimita. Hadi leo mwanapatholojia anaandika 0.9 au 3.4, na kila anayesoma ripoti anajua yuko wapi. Madaraja ya T, yanayotokana na unene huo, yapo, lakini namba haikufutwa ili kuyapisha. Kamati hiyohiyo, katika toleo hilohilo la 8, iliondoa idadi ya seli zinazogawanyika kwenye T1 huku ikikiri kwamba bado ina uzito na iendelee kuandikwa. Nimelalamikia hilo mara nyingi na sijaona sababu ya kunyamaza: kiashiria kinachopanda hatua kwa hatua wanakikata, kikishakatwa kinaonekana dhaifu, kisha wanakiondoa kwa udhaifu waliousababisha wenyewe.

Jibu la watetezi linajulikana: maabara hutumia mbinu tofauti, vikomo vinatofautiana, kwa hiyo juu au chini ya kikomo ndiyo lugha pekee ya pamoja. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Lakini tatizo la vikomo linatatuliwa kwa kugawanya: matokeo gawa kwa kikomo cha maabara husika, uandike 1.01 au 7.6. Madaktari wa ini wanasoma vimeng'enya vyao kwa mtindo huo kila siku, na hakuna anayelalamika kwamba ni mgumu. Wanaodai kwamba protini ya S100B ingechukua nafasi ya LDH, kama wanavyoipenda Ujerumani na Uswisi, nao hawagusi tatizo, kwani nayo ingekatwa vilevile.

Na dalili kwamba kosa hilo litarudiwa kwa vipimo vipya zipo. Utafiti wa 2021 wa DNA ya uvimbe inayoelea kwenye damu, uliotumia sampuli za majaribio ya dawa ya COMBI-d na COMBI-MB, ni kazi safi, lakini tayari umeweka mstari kwenye nakala 64 kwa mililita. Kipimo chenyewe kinatafuta mabadiliko ya BRAF V600, ambayo ni machache kwenye melanoma ya nyayo na chini ya kucha, ile inayowapata zaidi watu weusi wa Afrika Mashariki. Wengi wao watabaki na LDH. Fomu ya maabara inayo namba tayari. Daktari anayejaza hatua ya ugonjwa aiandike pembeni ya M1, pamoja na kikomo cha maabara, tarehe ya sampuli, na kama seramu ilikuwa na rangi ya waridi.