Nyumba ya Buruburu katika vitabu vya benki

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kwa mtaji wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba zilipangwa safu kwa safu na kufanana sana, hivi kwamba bei ya moja ilitosha kukisia ya jirani. Leo, kando ya Mumias South Road, pale palipokuwa na ua sasa kuna duka la dawa, saluni, hata vyumba vya kupangisha. Kuikadiria nyumba kama hiyo si kazi ya kutazama jirani tena.

Kanuni ya kukadiria ipo: Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu 1999. Kile cha 13, kilichoanza kutumika Januari 2013, kinasema thamani ya haki ni bei ambayo mali ingeuzwa, au ambayo ingelipwa ili mwingine abebe deni, siku ya hesabu, baina ya watu wanaolijua soko na wasioshurutishwa. Makadirio yana ngazi tatu. Ya kwanza ni bei ya wazi, kama ya hisa za Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi. Ya pili hukokotolewa kutokana na bei au riba zinazoonekana sokoni. Ya tatu hutegemea makisio.

Hatifungani za serikali zinaonyesha vizuri jinsi hesabu inavyokwenda. Tuseme benki ina moja ya shilingi 1,000,000, riba asilimia 12, imebakiza mwaka mmoja. Riba ya soko ikifika 18, zile 1,120,000 za mwisho wa mwaka hugawanywa kwa 1.18, na leo zina thamani ya takriban 949,000. Serikali haijakosa kulipa hata senti, ila thamani imeshuka. Ndivyo ilivyokuwa Februari 2024, Benki Kuu ilipopandisha riba yake hadi asilimia 13 na hatifungani mpya ya miundombinu ikalipa zaidi ya 18: za zamani zenye riba ndogo zikashuka bei.

Kwa upande wa madeni ya benki yenyewe, akiba ambayo mama mboga wa Kayole anaweza kuitoa saa yoyote haithaminiwi chini ya kiasi anachoweza kudai leo.

Nyumba ndiyo ngumu. Mthamini hukagua hatimiliki, miaka iliyobaki ya kukodi ardhi, kibali cha kaunti cha vyumba vilivyoongezwa, na mauzo ya karibuni mtaani. Kisha huja pango. Likibaki 600,000 kwa mwaka baada ya gharama, na mthamini akaona mnunuzi angetaka faida ya asilimia 8, nyumba ni milioni 7.5; akiona 10, ni milioni 6. Milioni moja na nusu imesimama juu ya kisio moja, na ndiyo maana kampuni iliyoiandika nyumba ngazi ya tatu hulazimika kuyataja makisio yake katika maelezo ya hesabu. Maelezo hayo yanastahili kusomwa kabla ya ukurasa wa faida.

Nyumba iliyowekwa rehani ni habari nyingine. Bei ya mnada si thamani ya haki, kwa kuwa muuzaji ameshurutishwa, na kuzichanganya mbili hizo humuumiza mwenye nyumba. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaitaka benki ifanye tathmini kabla ya kuuza, na itafute bei bora inayoweza kupatikana wakati huo. Kanuni za madalali za 1997 nazo zinataka bei ya chini ya mnada itokane na tathmini iliyofanywa si zaidi ya miezi 12 kabla ya mnada, kwa hiyo tarehe iliyo kwenye ripoti ya mthamini ni jambo la kwanza la kuulizia ilani ya mnada inapofika.