Nani Alimsuka Mwana Hashima?

Mama yangu hasuki nywele mbichi. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo hapa Misigiri, na bado kila nikirudi nyumbani najaribu bahati yangu. Safari hii nilishuka njia panda, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya kwenda Mwanza, nywele zikiwa zimefumuliwa na zimejaa vumbi. Nikaziosha kwa maji ya dumu, nikazikamua kwa fulana kuukuu, nikakaa kwenye mkeka miguuni pake na chanuo mkononi. Akazishika kidogo, akaziachia.

"Ngoja zikauke kwanza. Nywele mbichi ni ndefu za uongo."

Basi tukangoja. Na kwa kuwa mimi kukaa bure siwezi, nikatoa simu nikaanza kumsomea Utenzi wa Mwana Kupona. Makala hii nimeiandika kwa sababu ya swali moja aliloniuliza katikati ya usomaji ule. Darasani sikuwahi kuulizwa swali hilo, na mwenyewe sikuwahi kuliwaza.

Kwa asiyeufahamu: utenzi huu ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyewasumbua sana masultani wa Zanzibar. Anayetunga ni mgonjwa. Anasema mwenyewe kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata kumwambia bintiye neno la maana. Anamwita asogee karibu, akae na wino na karatasi, asikilize wosia. Halafu anamtajia watu watano ambao lazima awe na radhi zao: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Wa tano ndiye anayepewa beti nyingi. Mume alishwe vipi, alale vipi, anyolewe na kufukizwa udi, aombwe ruhusa ya kutoka.

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kama kitabu mwaka 1934, walikipa jina la Kiingereza lenye maana ya "Mawaidha ya Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke". Nadhani jina lile limetushika mkono mpaka leo. Ukishaambiwa kitabu ni cha wajibu wa mke, kila unachokikuta humo kinageuka kuwa wajibu wa mke, hata maji ya kuoga.

Chuoni niliandika insha ya kuushambulia. Nilikuwa na miaka 22 na hasira ya kutosha. Ubeti niliouchinja vizuri zaidi ni ule ambao mama anamwambia binti aoge, ajisinge manukato, afunge nywele zake, atunge asumini na kuziweka kitandani. Nikasema huyu ni mwanamke anaandaliwa kama chakula. Nikapata alama nzuri. Sikukosea kabisa, na leo sitaki kujifanya nilikosea.

Miaka michache baadaye nilikaa kwenye kiti cha kicheni pati yangu mwenyewe, Dodoma, nikisikiliza mambo yale yale kwa kipaza sauti. Mume ni mtoto. Mume ananyamaziwa. Mume akirudi akukute umeoga, unanukia. Mama yangu alikuwa meza ya mbele. Walipompa kipaza sauti alisema maneno mawili matatu, akakaa.

Siku moja kabla ya sherehe hiyo msusi mmoja, ambaye sitamtaja wala saluni yake, alinisuka yeboyebo nywele zikiwa bado mbichi. Foleni ilikuwa ndefu na draya moja. Zikiwa mbichi zililala vizuri mno, nikajiona malkia. Zilipokauka zikaanza kujikunja kurudi kwenye urefu wake, na kila msuko ukavuta ngozi. Usiku ule nililala nimekaa. Nywele za pembeni mwa uso hazijarudi zote hadi leo.

Wasusi sababu wanaijua. Nywele kipilipili zikilowa hulainika, ukizivuta zinanyooka, zikikauka zinarudi kwenye mkunjo wake. Ukizisuka mbichi na kuzikaza, umezikaza kwa urefu ambao si wake. Tena nywele yenye maji ni dhaifu, ukiivuta sana inakatika. Na ukizifungia na rasta nyingi kabla hazijakauka, unyevu unabaki humo ndani, baada ya siku kadhaa kichwa kinanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Ni kweli kuna unyevu unaofaa: ukitaka kuzinyoosha bila moto, unazifunga mabutu kwa uzi zikiwa na majimaji kidogo, unalala nazo, asubuhi unafumua. Lakini hayo ni mambo ya usiku mmoja. Msuko wa kukaa nao mwezi hausukwi hivyo.

Ndoa yangu ilidumu miaka minne. Safari hii ya Misigiri nilikuja na begi kubwa kuliko la wikiendi. Mama aliliangalia lile begi, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana kumsomea utenzi wa utii kwa mume halikuwa jambo dogo. Nilikuwa namchokoza, nakiri. Nilitaka aseme kitu.

Mama hajui Kiamu. Nilikuwa nasoma ubeti, kisha naueleza kwa Kiswahili chetu cha huku bara. Aliposikia habari za radhi za mume hakusema kitu. Kwenye chakula cha mume akaguna. Nilipofika kwenye kuoga, manukato, nywele na asumini, akanikatisha.

"Sasa huyo binti nani alimsuka?"

"Utenzi hausemi, mama. Unasema afunge nywele."

"Mwenyewe hawezi. Kisogoni mtu hafiki vizuri. Na mama yake unasema yuko kitandani."

Nilikaa kimya. Yaani nimeandika kurasa 12 juu ya ubeti ule, nikamtaja mume karibu kila ukurasa, na sikuona kwamba ndani yake kuna mtu wa tatu hayupo. Ubeti unaorodhesha kazi ya watu wawili kana kwamba ni ya mtu mmoja. Kuoga, utaoga peke yako. Asumini utazitunga peke yako. Lakini nywele ndefu, za kusukwa zikatulia, zinahitaji mtu nyuma yako, na mtu huyo anahitaji nusu siku.

Nani basi? Kubahatisha sana hakuna haja, maana utenzi wenyewe una ubeti mwingine wa kusaidia. Kabla hajafika kwenye mambo ya mume, Mwana Kupona anamwonya bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Tuko mwaka 1858, kwenye nyumba ya wakubwa katika visiwa vya Lamu. Inawezekana alimsuka shangazi au ndugu. Lakini inawezekana vilevile kwamba mikono iliyokuwa kichwani mwa Mwana Hashima ni ya mwanamke ambaye wosia unamwambia asizoeane naye. Sasa hebu fikiria kusukwa na mtu saa nzima, kichwa chako kiko mapajani pake, na umeagizwa usimzoee. Beti hizi mbili tumezoea kuzisoma mbalimbali, moja kwenye mada ya matabaka na nyingine kwenye mada ya jinsia. Zisomwe pamoja. Pamoja zinaeleza nyumba ile kuliko zikiwa mbali.

Hiyo ni shutuma. Lakini swali la mama lilinipa na kitu kingine, ambacho ni kama huruma.

Utenzi hausemi nywele zilikuwa mbichi. Unasema tu kuoga, halafu nywele, halafu asumini, vyote ndani ya ubeti mmoja. Kati ya maji na msuko hakuna nafasi ya kukauka. Nakubali, utenzi ni utenzi, mizani nane kwa mshororo, haukusudiwi kuwa maelezo ya saluni. Ila ukiwa umekaa kwenye mkeka unangoja nywele zikauke, unaiona ile haraka. Na haraka hiyo imeenea utenzi mzima. Mama huyu ameumwa mwaka. Hajui amebakiwa na siku ngapi. Wahenga wanasema udongo uwahi ungali maji, naye anauwahi. Hana muda wa kusema jambo leo, kulitazama linavyokaa kwa binti, kulilegeza wiki ijayo. Anasema yote mara moja na anakaza.

Hata picha anazozichagua ni za kufunga. Wosia anauita hirizi ya kufungwa vizuri kwa uzi. Anauita kidani cha lulu na marijani anachomtungia. Anayesema hapa ni mtu wa uzi na mafundo, anajua kitu kisipofungwa kinapotea. Kwa hiyo nilipouita utenzi huu mnyororo, miaka ile, nilikuwa nimeuona mkazo bila kumwona anayekaza wala kujiuliza kwa nini mikono yake inaharakisha.

Sababu si utetezi, lakini. Msusi wangu wa Dodoma naye alikuwa na haraka, na ngozi yangu haikuisamehe haraka yake. Wosia uliosukwa mbichi ukikauka unavuta, na anayevutwa si aliyesuka. Sisi tunaousoma leo tumeupokea ukiwa umeshakauka siku nyingi, ndiyo maana unauma pale pembeni. Udhaifu mkubwa wa utenzi huu, kwangu, hauko kwenye orodha ya wajibu. Uko kwenye ukimya wa Mwana Hashima. Ameitwa, amekaa, ana wino na karatasi, na katika beti zaidi ya 100 hatumsikii akisema "mama, hapo unaniumiza". Kila aliyewahi kusukwa anajua sentensi hiyo ndiyo inayoamua kama msuko utakuwa mzuri.

Kuna riwaya iliyofanya kinyume chake. Katika Americanah (2013), Chimamanda Ngozi Adichie amemweka anayesukwa katikati na kumpa sauti. Ifemelu anatoka Princeton anakwenda Trenton kusuka, na riwaya inarudi mara kwa mara kwenye kiti kile na joto lile. Aisha, msusi wa kutoka Afrika Magharibi, anamuuliza mbona hatii dawa, nywele kama hizi anazichanaje. Ifemelu anamjibu kwamba zikipata unyevu inavyotakiwa hazisumbui, anatoa kitana chake na kumwonyesha. Mara ya kwanza kuisoma sehemu hiyo nilishangilia kama nimeona goli.

Nilipoirudia juzi nilishangilia kidogo zaidi ya hapo, nikasita. Ifemelu anajua kusema "usikaze". Hilo Mwana Hashima hakupewa. Lakini Ifemelu anamtazama Aisha kwa dharau ya mtu aliyesoma, na kwa muda mrefu riwaya inatukalisha upande wake. Mpaka karibu na mwisho wa kazi ndipo tunasikia kwamba baba yake Aisha alifariki na yeye hakwenda kuzika kwa sababu ya makaratasi, na kwamba mama yake sasa anaumwa. Kumbe muda wote tulikuwa chini ya mikono ya binti mwenye mama mgonjwa, tunamwona kero. Adichie anajua hivyo, na Ifemelu mwenyewe anashtuka. Bado najiuliza riwaya ile ingekuwaje kama ingeanzia kwenye vidole vya Aisha.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama Utenzi wa Mwana Kupona uendelee kusomeshwa, nitasema ndiyo, tena zaidi. Ila usisomwe na watu wa vitabu peke yao. Apelekewe msusi, apelekewe mama aliyewahi kuuguza, waulizwe wanasikia nini. Na mwanafunzi apewe kazi moja: aandike beti tano za jibu la Mwana Hashima. Naamini zitatufundisha kuliko insha yangu ya kurasa 12.

Upepo wa Misigiri hauchelewi. Pwani nilikowahi kukaa kikazi, nywele zangu ukiziosha asubuhi jioni bado zina unyevu. Hapa zilikuwa zimekauka kabla sijamaliza beti za mume. Zilikuwa zimerudi fupi, zimejikunja, ndizo zenyewe. Mama akachovya vidole kwenye mafuta ya alizeti, akagawa njia, akaanza twende kilioni, taratibu, maana vidole vyake siku hizi vinakakamaa. Alipofika pembeni mwa uso, pale palipobaki wazi, akapapasa.

"Hapa sikazi," akasema. Kisha, baada ya msuko mzima: "Siku ile ya sherehe yako nilikuwa na maneno. Watu walikuwa wengi, na mwenye kipaza sauti anahesabu dakika."

"Na sasa, mama?"

"Sasa inamisha kichwa."

Akasema mpaka giza likaingia, tukawasha taa. Aliyoyasema siyaandiki hapa, hayakuwa ya kuandikwa. Niseme tu kwamba mara mbili nilimwambia hapo unaniumiza, na mara zote mbili alilegeza.