Ufundi wa Kuunasa Usiku

Miongoni mwa filamu zilizosalia kutoka katika maonyesho ya dunia ya mwanzoni mwa karne ya 20, yaani mikusanyiko mikubwa ambamo mataifa yalishindana kuonyesha mitambo, bidhaa na majengo, ni chache zinazostahili kutazamwa kwa utulivu kama ile iliyopigwa mwaka 1901 katika Maonyesho ya Nchi za Amerika mjini Buffalo, jimbo la New York. Filamu hiyo ya kampuni ya Edison, ambayo ni kazi ya Edwin S. Porter, haina kisa wala mhusika. Huanza mchana, kamera ikigeuka taratibu juu ya stendi yake na kuyapitia majengo moja baada ya jingine. Kisha mchana hutoweka ghafla, na kamera huendelea kugeukia upande uleule, ila sasa ni usiku na kila ukingo wa jengo umechorwa kwa taa. Yote hayo huchukua takriban dakika moja.

Ugumu wa dakika hiyo hauonekani kwa macho, na huenda hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Umeme wa maonyesho ulitoka kwenye mitambo ya maporomoko ya Niagara, umbali wa takriban kilomita 40, lakini Luther Stieringer, mtaalamu aliyebuni mpango wa taa, hakupenda taa kali za kumulika uwanja. Alitandaza maelfu kwa maelfu ya balbu ndogo zenye mwanga hafifu, zikafuata mistari ya mapaa, madirisha na Mnara wa Umeme. Mwanga huo uliowaburudisha watazamaji ulikuwa mtihani kwa mpigapicha, kwa sababu dawa ya kunasia mwanga iliyopakwa kwenye utepe wa filamu wa wakati ule ilikuwa nzito ya kuitikia. Kamera yenyewe iliendeshwa kwa mkono: mpigapicha alizungusha mpini, na kwa mwendo wa kawaida picha 16 hivi zilipita mbele ya lenzi kila sekunde. Usiku mwendo huo usingeacha chochote kwenye utepe isipokuwa weusi. Porter aliachana nao, akapiga picha mojamoja, akiiacha kila moja ikinywa mwanga kwa sekunde kadhaa kabla ya kuleta inayofuata, huku kichwa cha stendi kikisogezwa kwa vipimo vidogo mno ili mgeuko uliotokana na vituo mamia uje uonekane kuwa mmoja. Tuseme kila picha ilihitaji sekunde 10: nusu dakika ya usiku, yenye picha 480, ingemweka fundi kazini kwa saa moja na dakika 20, na kosa moja la mkono lingeonekana daima.

Uteuzi wake wa usiku ulikuwa na busara nyingine. Maonyesho ya Buffalo yaliitwa Jiji la Upinde wa Mvua kwa sababu kuta zake zilipakwa rangi nyingi kwa mpango maalumu, na rangi hizo zote filamu ya mchana ilizigeuza kuwa kijivu kimoja. Usiku, kinyume chake, maonyesho yenyewe yaligeuka kuwa weupe juu ya weusi, yaani lugha pekee ambayo filamu iliijua vizuri, kwa hiyo katika nusu ile ya pili chombo na kilichotazamwa vilikubaliana.

Si kila kilichopigwa pale kilikuwa cha kupendeza. Wapigapicha wa Edison waliinasa hotuba ya Rais William McKinley tarehe 5 Septemba, na kesho yake, alipopigwa risasi ndani ya Hekalu la Muziki, walikuwa nje ya jengo na wakaugeuzia kamera umati uliokuwa umefurika. Walipiga pia kijiji cha kuigiza, chenye barafu ya bandia, ambamo Wainuiti walifanywa kuwa burudani ya wapita njia. Ustadi wa mpini haumwondolei mtazamaji wajibu wa kuuliza ni nani aliyewekwa mbele ya lenzi, na kwa hiari ya nani.

Kwamba filamu hizi zipo hadi leo ni kazi ya ufundi mwingine. Utepe wa nitrati ya selulosi huwaka kwa urahisi na huoza wenyewe, na nyingi za asili zilipotea. Hata hivyo, sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuzitambua filamu kama filamu hadi mwaka 1912, hivyo kampuni zilizisajili kama picha za kawaida, zikiweka nakala za karatasi katika Maktaba ya Bunge. Mabunda hayo yalikaa humo kwa miongo mingi, hadi Kemp Niver alipobuni njia ya kuyarudisha kwenye utepe, kazi iliyompatia tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1955. Karatasi iliyojikunja muda mrefu, kama mkeka wa zamani, hukataa kulala. Nayo husinyaa bila usawa, kwa hiyo kila picha ilibidi inyooshwe, ilinganishwe na iliyotangulia, kisha ipigwe upya peke yake. Niver alinakili kwenye utepe wa milimita 16, na baadaye Maktaba ikaanza kuzinakili tena kwenye milimita 35 ili kurudisha undani uliopungua. Mtazamaji wa nakala za zamani ana haki ya kujua kwamba mtetemo anaouona katika taa za Buffalo mara nyingi ni wa karatasi, wala si wa mkono wa Porter.